Mwezi Nisiouona

Miwani niliyovaa ninapoandika haya ina miaka miwili. Mkono wake wa kushoto ulilegea, nikaukaza kwa skrubu niliyoitoa kwenye simu mbovu, na kioo kimoja kina mkwaruzo. Siibadilishi. Naipenda kwa sababu moja tu, kwamba imedumu. Kabla yake nilibadilisha miwani kama mtoto anayekua anavyobadilisha viatu, na kila mara nilijua kuwa dunia imesogea mbali nami hatua nyingine.

Kama wewe ni kijana wa miaka kumi na tisa, au ishirini na mbili, na umeambiwa macho yako yatatulia, nawe unahesabu miezi na hayatulii, basi nakuandikia wewe. Mimi si daktari na sitakueleza jicho limeumbwaje. Nitakueleza nilivyojifungia mlango mwenyewe na kumeza ufunguo.

Sisi ni watu wa Munje, kijiji cha pwani ya Kenya. Nimelelewa na Mama katika nyumba ya babu yangu, baba yake Mama, na Babu alikuwa shahidi wa mwezi. Asiye wa kwetu nimfafanulie. Jioni ya tarehe ishirini na tisa Shaabani, wanaume hukusanyika kutazama kama mwezi wa Ramadhani umeandama. Siku hizi redio hutangaza na simu hutangaza, lakini wazee wetu hawaridhiki mpaka mtu wao wenyewe awe ameuona. Wageni hudhani tunautafuta baharini. Bahari kwetu iko mashariki, na mwezi mchanga huzama magharibi, kwa hivyo sisi huipa bahari mgongo, tukasimama katika uwanja wa mpira nyuma ya msikiti, tukatazama juu ya minazi upande wa Kikoneni. Anayeuona husema. Imamu humwita kando amuulize: uko wapi, umelala au umesimama, pembe zake zimeelekea wapi? Akijibu sawasawa, ushahidi wake hupokewa.

Babu alitoa ushahidi huo tangu ujanani. Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, naye akakataa katakata kupasuliwa, akisema kisu si cha kuingizwa machoni. Badala yake akanichukua mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Kila mwaka alisimama nyuma yangu, mkono wake wa kulia begani kwangu, na nilipouona mwezi nikamwambia, naye akapaza sauti: "Tumeuona." Watu walicheka kidogo kwa ile "tu", lakini waliipokea, maana kweli mimi nilikuwa nauona. Babu alipenda kuwaambia wageni barazani kwamba macho yake hayajafa, ameyahamishia kwa Bakari.

Nilipomaliza shule nikapata kazi kwa fundi wa simu pale Kona ya Musa, Ukunda. Hapo ndipo sifa zangu zilipozidi, na ndipo nilipoharibika. Skrubu zinazowashinda wengine mpaka washike kioo cha kukuzia, mimi nilizitia mahali pake kwa macho matupu, nimeinamia meza, pua karibu iguse. Fundi mkuu aliwaambia wateja kuwa kijana huyu ana macho ya mwewe. Mwewe huona panya akiwa juu angani. Mimi nilikuwa naona skrubu iliyo shubiri moja kutoka puani, na nilipoinua kichwa, duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa rangi tupu.

Sikuyaita hayo ugonjwa. Nilidhani ni vumbi, ni uchovu, ni jua la barabarani. Nilikunja uso ili nione, mpaka mstari ukachimbika katikati ya nyusi, na kichwa kikawa kinaniuma kila alasiri. Aliyenizindua ni shangazi yangu Mwanahalima. Alikuja nyumbani siku moja, hakukaa kitako, akamwambia Mama kuwa mwanao amepata kazi Ukunda amekuwa hatambui watu. Alikuwa amepita mbele yangu mchana kweupe, akasimama angojee shikamoo, nami nikamtazama usoni nikaenda zangu. Baada yake wakaja wengine wawili na shtaka lile lile. Mama aliona haya. Kwetu mtu husamehewa mengi, lakini si kumnyima mkubwa salamu.

Nikapata dawa yangu ya kienyeji: nikawa naamkia kila kitu. Kivuli chochote kilichosimama njiani nilikipa shikamoo. Nimewapa shikamoo vijana niliowazidi umri wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku moja nililiamkia gunia la mkaa lililoegeshwa ukutani, nikasubiri marahaba. Haikuja, nikaondoka nimekasirika kwamba huyu mzee ana dharau. Nacheka sasa. Wakati ule nilikuwa natembea kijijini kwetu nilikozaliwa kama mgeni asiyejua nyumba.

Nilikwenda kliniki ya macho kwa siri. Wale mliokaa kwenye mabenchi yale mnayajua. Unapewa kikaratasi chenye namba, unakaa, kila anapoinuka mtu mnasogea makalio nafasi moja kwenda mbele. Mbele yangu alikuwa mama mmoja kutoka bara ya ndani, amefunga kitambaa jichoni. Nyuma yangu kizee aliyekuwa akisoma nyuradi kwa kunong'ona. Wote wazee. Mimi peke yangu kijana, na kila aliyenitazama aliuliza nimemleta nani.

Daktari alikuwa mtu wa bara, mchangamfu, ameishi Ukunda miaka mingi na Kiswahili chake hakijabadilika hata chembe. Akanikalisha mbele ya ubao wenye alama zenye miguu mitatu, kubwa juu, ndogo chini, nikatakiwa nionyeshe kwa mkono miguu imeelekea wapi. Juu, chini, kulia, kushoto. Mstari wa nne ulinishinda. Akanivika fremu ya chuma nzito, akawa anatia vioo na kutoa, mpaka ghafla nikaona kuwa mti wa nje ya dirisha una majani moja moja. Nilikuwa nimesahau. Machozi yalinitoka pale pale kwenye kiti, nikasingizia mwanga.

Namba ya vioo vyangu ilikuwa mbili. Nikamuuliza itapona lini. Akasema haiponi, inatulia. Mwili ukimaliza kukua, wengi macho hutulia ndani ya miaka ya ishirini, wengine huchelewa. Nirudi kila baada ya miezi sita tupime.

Miwani niliivaa kazini tu. Nikifika Munje naivua na kuitia mfukoni. Utaniuliza kwa nini, na jibu ni ule mkono wa Babu. Kwake yeye miwani ilikuwa fimbo ya kipofu, na tena aliamini inalifundisha jicho uvivu. Lakini zaidi ya hayo, ningemwambiaje kwamba macho aliyoyahamishia kwangu nayo yamekufa? Heshima yote iliyombakia kijijini ilisimama juu ya neno moja, "tumeuona". Niliogopa kumvunja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nilikuwa nausikia msemo huo kila siku kichwani na kuuambia unyamaze.

Shaabani ikaja. Uwanjani nilisimama bila miwani, mkono begani. Mbele yangu palikuwa na uwekundu uliotandazwa, na chini yake weusi wa minazi, basi. Kijana mwenzangu Hamadi akasema, "Ule pale, juu ya mnazi uliopinda." Mwingine akaitika. Babu akanifinya bega.

"Unauona?"

"Naam, Babu. Nauona."

"Tumeuona," akasema Babu.

Imamu aliponiuliza umelala au umesimama, nilimjibu umelala, pembe juu, kwa sababu ndivyo mwezi wetu wa huku unavyokuwa. Akaridhika. Na mwezi kweli ulikuwapo, nchi nzima ilifunga kesho yake. Hapo ndipo mtego wenyewe. Uongo wangu haukuwa na mahali pa kukamatikia, maana niliyosema yalikuwa kweli, ila mimi sikuyaona.

Miaka miwili iliyofuata nilifanya vivyo hivyo. Nilijifunza kusikiliza pumzi za watu. Mtu akiuona mwezi huvuta pumzi kabla ya kusema. Umelala, pembe juu. Na huku nyuma namba ilikuwa inapanda. Kabla ya mvua za masika ilikuwa tatu na nusu, vuli ikafika nne na robo. Masika mengine tano. Kila miezi sita niliketi kwenye benchi lile nikisogea makalio, nikiingia nikiomba na kutoka nikiwa na karatasi ya vioo vinene zaidi. Kioo kikanichimba mashimo mawili puani. Nikilala kitandani bila miwani, mkono wangu mwenyewe nikiunyoosha vidole havikuonekana vizuri. Duara langu la kuona lilikuwa limebaki kama sahani, na lilikuwa linapungua, na hakuna aliyeweza kuniambia litakoma wapi. Mama, aliyekuwa amekwisha kuivumbua miwani mfukoni mwa suruali siku ya kufua, aliniambia subira yavuta heri. Alinitunzia siri kwa kuwa nilimwapisha, na siri hiyo ikamkosanisha na babake, kwa sababu Babu alihisi nyumbani mna jambo asiloambiwa. Mama aliponihimiza niseme, nilimfokea. Sijawahi kumfokea kabla wala baada.

Nikafanya ujinga mwingine. Nikiwa nangoja zamu yangu, mlango ulipoachwa wazi, nikauchungulia ubao kwa miwani na kuikariri mistari ya chini. Nilidhani nikipita, namba itakuwa imetulia. Kama vile macho yangeona aibu yakaacha! Nilipoketi, nikavua miwani, nikaonyesha mkono kulia, chini, juu, kushoto, kwa haraka na uhakika. Daktari akaniuliza nilikuwa nasoma ubao gani, kwa maana alikuwa ameugeuza juu chini dakika mbili zilizopita ili apanguse vumbi.

"Bakari," akasema, "hii si mtihani. Hapa hakuna kupita ama kuanguka. Ukinidanganya mimi, nakupa glasi ya mtu mwingine uende nayo nyumbani."

Nilimwona yeye, na nyuma yake nikamwona Imamu akiuliza pembe zimeelekea wapi. Ilikuwa ile ile, pembe na miguu, na mara zote mbili nilijibu nilichokikariri. Tukapima upya. Ilikuwa sita na robo.

Mwaka ule, jioni ya ishirini na tisa, palikuwa na mawingu membamba. Nilisimama nikasikiliza. Hakuna aliyevuta pumzi. Hamadi alikuwa amekwenda kufanya kazi Mombasa, na wengine walikuwa wanageukageuka tu. Muda wa mwezi kuzama ulikuwa unakaribia. Kisha nikasikia ukimya ukinigeukia mimi, na mkono begani ukawa mzito.

"Mwanangu, unauona?"

Ningeweza kusema ndiyo, na labda kijiji kizima kingefunga kwa neno langu pekee. Ningeweza kusema hapana, lakini hata hilo sikuwa na haki ya kulisema, kwa sababu hapana pia ni ushahidi. Nilibanwa pande zote mbili mbele ya wazee wa kwetu.

"Sioni, Babu."

"Yaani haupo?"

"Sijui kama upo au haupo. Mimi ndiye nisiyeona. Miaka mitatu iliyopita pia sikuuona." Nikatoa miwani mfukoni nikaivaa mbele ya watu wote. Hata nayo sikuona kitu, maana ilikuwa ya namba ya zamani na mawingu yalikuwa yameziba.

Babu akauondoa mkono. Mpaka leo naukumbuka ule wepesi wa bega. Akageuka akaenda zake peke yake, akipapasa kwa bakora, na hakuna aliyethubutu kumshika. Imamu alinichukua kando. Akaniambia saumu za watu za miaka iliyopita ziko salama, kwani wengine waliuona kwa macho yao. Mimi nitubu kwa Mola wangu, na nisishuhudie tena nisichokiona. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza kuliko kugombezwa.

Babu hakusema nami siku tatu. Siku ya nne, mfungo ukiwa umeanza, aliniita barazani baada ya futari. Mama alisimama mlangoni na sinia mkononi, hakuingia wala hakutoka. Nilianza kuomba radhi, Babu akanikatiza.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kila mwaka ulimjibu Imamu jibu moja. Umelala, pembe juu. Mwezi haulali namna moja kila mwaka, Bakari. Mara hii huinua pembe ya kusini, mara ile ya kaskazini. Ulipokuwa mtoto ulinieleza hata nisipokuuliza. Uliponyamaza, nikajua."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ningebaki na nini? Nilikuegemea nikijua unayumba." Akapangusa uso kwa kanzu. "Kosa lako ni la uoga wa kijana. Langu ni la mtu mzima."

Mama akaliweka sinia chini na kuketi pale pale mlangoni, akalia. Mimi pia nililia. Sikujua kama nimesamehewa au nimesamehe, lakini usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu.

Baada ya Idi tulikwenda kliniki pamoja. Babu alikubali kupasuliwa jicho moja, kwa sharti kwamba nikae mlangoni. Tukasogea makalio kwenye benchi, mimi na yeye, na alipoulizwa nani amemleta nani, akajibu tumeletana. Kesho yake daktari alipomfungua kitambaa, Babu alipepesa, akatazama mikono yake kwanza, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Umeota ndevu," akasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mara ya mwisho kuniona uso nilikuwa mtoto.

Sitakudanganya kuwa mambo yakawa mazuri tangu hapo. Nilimwonea wivu babu yangu. Yeye alipasuliwa asubuhi moja akapata dunia, mimi nikabaki kungoja mwili wangu uamue kuacha kukua. Namba ikapanda tena, sita na nusu, saba kasoro robo. Lakini sasa niliivaa miwani njiani, na shangazi Mwanahalima nilimwona akiwa mbali nikavuka barabara kumwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni. Jasho la Januari liliiteremsha puani, mvuke wa chai uliifunika, watoto waliniita Macho Manne. Niliyabeba. Yaliyo wazi hubebeka.

Kisha ikaja miezi sita ambayo daktari alipima, akapima tena, akaandika namba ile ile. Sikufurahi, nilidhani amekosea. Miezi sita mingine, ile ile. Mara ya tatu aliweka kalamu chini, akasema, "Naona hizi macho zimechoka kukimbia." Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta wa kliniki, nisijue nifanye nini na mikono yangu. Hakuna lililopona. Ilikuwa tu kwamba kesho ningeona kama nilivyoona leo, na kwa miaka sita sikuwahi kuahidiwa hivyo.

Shaabani iliyopita Babu aliniambia nisimame naye uwanjani. Mzee mmoja alinung'unika kwamba kuona kwa kioo si kuona kwa jicho, Imamu akamjibu kwamba basi na wanaotembea kwa bakora tuseme hawatembei. Watu wakacheka. Jua likazama, mbingu ilikuwa safi kabisa. Babu alisimama kando yangu safari hii, si nyuma, mikono yake miwili juu ya bakora.

Nilitazama tangu jua lilipozama mpaka uwekundu ukaanza kukolea. Niliuona mnazi uliopinda na makuti yake moja moja. Niliiona taa ya mnara wa simu upande wa Kikoneni. Nilipitisha macho mbinguni polepole, kushoto kwenda kulia, kisha nikarudi. Wazee wakaanza kunigeukia kama zamani.

"Unaonaje?" Babu akauliza.

"Haupo, Babu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Haupo."

Babu akatazama tena kwa lile jicho lake jipya, akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia Imamu. "Haujaandama," akasema. "Mjukuu wangu ametazama, nami nimetazama."

Na watu wakatawanyika kwa neno hilo, watoto wakipiga kelele za furaha kwa sababu vunjajungu, ule ulaji wa kuukaribisha mfungo, limeongezewa siku moja. Nyumbani Mama alikuwa amekwisha kuweka kando chakula cha daku. Alipotuona tunaingia tukicheka aliuliza habari, Babu akamwambia apakue tu, hakuna mwezi, tule.